Dakika Tatu, Sekunde Makumi Ine

Yaya Zaina,

Mutoto wako ameniuliza, na mi nimemudanganya. Nianze na ile, juu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Unanijua.

Mariamu alirudi toka Lubumbashi kukuzika na hajarudia masomo. Sasa njo eko anauzisha bikwembe, bitenge bya kuvaa, mu duka yako, kando ya masini yangu ya kushona, palepale ulikuwa unakaa. Juzi, kiisha kupita arobaini yako, alikuja akakaa ku kiti ya benye kungoja nguo, akaniuliza: "Tantini, mama hakukuambia kitu ya ugonjwa yake mbele?" Nikasema hapana. Akainama. Akasema basi hakuna mutu alijua, na yeye aliyekuwa anakupigia telefone kila siku ya Mungu, kila Jumapili, angesikia mu sauti yako. Analia juu ya kosa yangu, Yaya. Na mi nilimupa kitambaa apanguse macho, nikarudia ku kushona.

Unakumbuka namna muchezo yetu ilianza. Makamyo ya madini ilikuwa inapita, vumbi inaingia, hakuna ata mutu wa kuuliza bei. Ulichukua kartoni yenye kukaa katikati ya kikwembe mupya, ukaandika mustari moja, lakini kila herufi uliibadilisha na ingine: A imekuwa R, M imekuwa D, vile vile mpaka mwisho. Ukanitupia, ukasema: "Fungua." Nilikaa nayo siku muzima. Nilikuwa natafuta E, juu mu kitabu moja ya Kifaransa balisema E njo inarudia sana. Ulicheka mpaka ushungi yako ikaanguka. Ukanifundisha: mu Kiswahili yetu angalia kwanza mwisho ya kila neno, karibu yote inaishia ku herufi tano tu, zile za kuimba: a, e, i, o, u. Kiisha tafuta maneno fupi: na, ya, ku, mu. Kode ya kwanza nilifungua ilikuwa inasema: Ngalula, sindano unatafuta iko mu nywele yako. Nikagusa kichwa. Ilikuwa pale kweli.

Tulikuwa tunacheka, lakini mu kode ulikuwa unasema bitu ya kweli pia. Shemeki yako, ndugu ya bwana yako, alikuwa anakaa mu duka kutwa muzima, masikio wazi, na mbao katikati yetu ni nyembamba. Bwana yako alipooa mwanamuke wa pili kule Kindu, mi nilijua kwa kartoni. Mimba yangu ilipoanguka, hukunipa pole mbele ya batu. Uliandika: kesho usifungue masini, nitakuja na bukari ya kula, tutakaa tu. Ukakuja. Tukakaa tu, hukuniuliza kitu, na magaribi ukaosha masahani ukaenda kwako. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua kartoni zako zilikuwa za nini. Nilijua.

Kiisha kilabu ya kufungua kode ikakuja. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, mu sale ya paruasi, ukumbi ya kanisa, batu kumi na mwalimu wa hesabu wa zamani anaandika kode ku tablo. Wewe ulikuja mara mbili, ukasema habari ya kukimbizana haikupendezi. Mi nilishikwa nayo. Kutoka nusu saa nikashuka ku dakika kumi na mbili, kiisha saba. Nilikuwa nafungua kode nikichemusha maji, nikipima mutu mabega, ata mu misa, Mungu anisamehe. Wewe njo ulikuwa unanitengenezea za kufanyia mazoezi, kila asubuhi moja, na mi nilikuwa nazani ni haki yangu.

Ku konkuru ya kwanza, mashindano ya kule Lubudi, bwana mwenye kunishinda aliniambia siri yake. "Mama, unachelewa juu unasoma." Habaulizi mustari inasema nini, alisema. Unapeleka ufunguo tu, ile karatasi ndogo yenye kuonyesha herufi gani imekuwa gani. Ukishaipata, nyanyua mukono. Basi nikajifunza kutosoma. Usizani ni bure, ni kazi ngumu. Macho inataka kusoma, na wewe unaikataza.

Ilikuwa siku ya pili, Jumanne, juma moja mbele ya konkuru ingine. Ulinipa kartoni yenye maneno mingi kuliko siku zote, na hukutupa. Ulinipa mu mukono. Nikafinya krono ya telefone, ile saa ya kuhesabu sekunde. Mulikuwa neno moja ndefu: hospitali. Nilipoiona nilifurahi. Yaya, nakuambia yote leo: nilifurahi, juu ile neno inatoa herufi nane kwa mara moja, na ingine yote ikafunguka nyuma yake. Dakika tatu, sekunde makumi ine. Nilikuwa sijafikaka pale. Nikanyanyua ufunguo juu, nikaita ata mama wa mikate, mwenye kuuzisha kando yetu, aone.

Uliangalia ile kartoni. Ukauliza: "Umesoma?"

Nikasema: "Nimemaliza."

Nikaweka kartoni mu sanduku ya rekodi zangu, chini ya vifungo.

Siku ya ine, Alhamisi, ulikuja umevaa kikwembe ya Idi. Ulikaa mbele ya duka na sakoshi ya mukono ku magoti tangu saa mbili mpaka saa tano, na hukufungua kitambaa ata moja kuonyesha batu. Nilikuuliza unangoja nani. Ulisema, "Nilikuwa nangoja mutu." Ulisema vile, nilikuwa. Na mi sikuinua kichwa, juu krono ilikuwa inakimbia. Kiisha uliingia ndani, ukabadilisha nguo, ukauzisha mpaka jioni. Kartoni za asubuhi ziliendelea, fupi, za mazoezi tu. Bei ya nyanya. Mvua ya Kasulo inajaa mu mashimo ya madini, mulemule mu nyumba. Hukuandika tena kitu ya moyo, na mi sikuona tofauti.

Nilishinda. Balinipa termosi ya rangi nyekundu. Njo ile termosi nilikuwa nakuletea chai ku hospitali, wakati bamekupeleka kwa nguvu na baganga balikuwa bamesema imechelewa. Nilikuwa nafurahi batu baone namna nakutunza. Siku moja ulinishika mukono, mukono yako imebaki mifupa, ukasema: "Wewe ulijua mbele ya bote. Sikukasirika, mudogo wangu. Kila mutu na woga yake." Mi nikazani ni dawa inasema. Nikatikisa kichwa ndiyo. Ndiyo, Yaya! Nikakumiminia chai.

Ku matanga batu balinionyesha kwa kidole: yule njo rafiki yake, hakumuacha. Nilikubali ile sifa, nilikula nayo.

Kiisha kilabu balitaka rekodi yangu baibandike ku ukuta ya sale, na chini yake mustari ikiwa imefunguliwa, juu bapya bajifunze. Prezida alinituma niandike safi. Nikatoa kartoni yako mu sanduku, nikaweka ufunguo kando, na kwa mara ya kwanza nikaandika neno kwa neno. Nilikuwa nakunywa chai. Nakuandikia kama ulivyoandika:

Nimepata kivimbe mu titi. Sijaambia mutu. Siku ya ine tuende wote ku hospitali. Peke yangu siwezi.

Niliisoma tena. Kiisha nikaenda kufunga mulango, mchana kweupe, bateja wangu banapiga hodi. Mutu uliyekuwa unangoja na sakoshi ku magoti ni mi. Nilikuwa mita mbili. Ukazani nimesoma, nimeogopa, nimekuacha, na ukanisamehe kitu ambayo ata sikufanya. Ile nilifanya ni mbaya zaidi. Woga ni ya mutu. Mi sikuwa ata na woga, nilikuwa na krono.

Kilabu nilibaambia kartoni imepotea. Mariamu nilimwambia hapana. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi nimekukana, na sasa hauko ata wa kunigombeza.

Sijui kama siku ya ine ile ingebadilisha mwisho. Baganga habakuniambia na sikuuliza, nilisikia haya kuuliza. Lakini haungepita kwa ule mulango peke yako. Ile najua.

Leo asubuhi Mariamu ameniwekea kartoni juu ya masini. Alikuwa anakuona tangu mudogo, kumbe anajua kutengeneza. Amekosea herufi mbili. Sikufinya krono. Nilitafuta penseli, nikaandika chini ya kila herufi, polepole, na mama wa mikate akaniuliza kama niko mugonjwa. Inasema: Tantini, unifundishe kwenda mbio kama wewe.

Nilisikia haya mpaka ku miguu. Mutoto anataka nimupe ile kitu iliyomunyima mama yake mwenzake wa njia. Nikamwambia kesho. Akafurahi, akaenda kupanga bikwembe bile bya maua, akaimba kidogo. Ni mara ya kwanza anaimba tangu ulienda.

Kesho, mbele ya shemeki yako hajafika, nitamupa kartoni yako. Nitamupa na ufunguo, na penseli. Nitamwambia hakuna krono, andika yote. Nitakaa kando yake mpaka neno ya mwisho, na akishamaliza nitamwambia ilikaa mu sanduku ya nani, na juu ya nini. Pengine hataniongelesha tena. Pengine atahamisha duka. Ni haki yake, na sitamufuata na maneno. Lakini hatalala tena akizani kosa ni ya telefone zake za siku ya Mungu. Ile nakuahidi, Yaya.

Termosi nimepeleka ku hospitali, ku chumba ulikuwa unalala. Kuna mama moja pale hana mutu wa kumuletea chai. Jana aliniambia habari ya batoto bake, ndefu, anarudia-rudia. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Pumzika, Yaya Zaina. Uliniuliza kitu siku ya pili ile, na sikukujibu.

Nimesoma.

Mudogo wako,
Ngalula