Jumapili Wanataka Nikuimbie Kwaheri

Mtani wangu Mrisho,

Habari za huko Kisarawe? Sisi Ipuli tupo, jua ni lilelile. Barua hii naiandika hadharani kwa makusudi. Nikikuandikia kwenye simu unanirudishia vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Labda ukiisoma pamoja na watu wengine, mmoja wao atakwambia kwamba huyu dada safari hii hatanii.

Unakumbuka siku ya kwanza barazani kwa Doto? Alitandaza ramani ya mchezo wake aliyoichora mwenyewe, njia ya misafara kutoka hapa Tabora hadi Ujiji, akatuambia sisi ndio msafara na porini kuna mazimwi. Kila mtu achague atakuwa nani, mengine dadu zitaamua. Wewe ukachukua shujaa wa mkuki kabla hajamaliza kusema. Zainabu akawa mganga. Mimi nikabakiwa na mwimbaji, yule asiyejua kupigana, ambaye kazi yake ni kuwaimbia wenzake wapate nguvu na kuwakejeli maadui mpaka waumie. Tukamwita manju, kama wale wanaoongoza ngoma huku kwetu. Nilinuna sana. Nani anataka kwenda vitani na zeze?

Kumbe ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Doto alikataa kunihesabia pigo mpaka niitamke kejeli yenyewe kwa mdomo wangu, na mimi mazoezi nilikuwa nayafanya kwako kila siku. Babu zangu walipita kwenu na meno ya tembo mabegani wakielekea pwani, utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ukaanzia huko njiani. Sisi tuliukuta tu. Lile zimwi la Mto Malagarasi nililiambia kwamba linapenda ngoma kuliko kazi, na kwamba bila shaka ni Mzaramo aliyekosa nauli ya kurudi kwao. Ulicheka mpaka ukapaliwa na matobolwa. Maana maadui tuliwapanga kwa vipande vya matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na wewe uliwala hata kabla hawajafa.

Wimbo wa nguvu niliruhusiwa kumpa mmoja tu katika kila pambano. Nilikupa wewe. Hata siku Zainabu alipokuwa hoi, damu zinamtoka, nilikuimbia wewe ambaye hata hujachubuka. Doto akaweka dadu chini.

"Manju, wenzako nao wanakufa."

"Shujaa akianguka tumekwisha wote," nikamjibu.

Zainabu alinitazama, akatabasamu, akaendelea kufa taratibu. Alishajua.

Wewe ungejuaje? Baina ya watani lolote linasemwa. Uliniita mke wangu mbele ya mama, naye akakuuliza, "Mzaramo, mahari utalipa kwa ngoma yenu ya mdundiko?" Nikikwambia usipokuja sili, unasema bora nipungue kidogo. Siku ya uhamisho wako nilikusindikiza stesheni, nikakushika mkono, nikasema, "Mrisho, usiende. Bila wewe sijui nitakaaje hapa."

"Umeanza! Mpaka stesheni?" ukasema. "Wanyamwezi ninyi, mkikosa mzigo wa kubeba mnang'ang'ania mtu."

Abiria wa jirani wakacheka, nami nikacheka, ningefanya nini? Treni ikaondoka. Nilirudi kwa miguu nikilia njia nzima, na kila aliyenisalimia nilimsingizia vumbi.

Sasa Doto amechoka kusubiri. Anasema shujaa asiye na mchezaji anauchelewesha msafara, na yuko mwenzake wa Itetemia anataka kuingia. Jumapili hii shujaa wako ataaga aende zake, na manju ndiye anayetakiwa kumwimbia wimbo wa kuondoka. Nimejaribu kuutunga huku nachambua mchele. Maneno yanakuja vizuri kabisa, nafika kwenye jina lako, sauti inakatika. Juzi mama aliniondolea ungo mkononi, akaniambia nikajilaze.

Nakukumbuka, Mrisho. Nakukumbuka unavyozipuliza dadu kabla ya kuzirusha, unavyomwamkia mama shikamoo ukiwa bado uko barabarani. Nimejaribu kutaniana na watu wengine, nachoka upesi. Nakupenda. Neno hili nimelitafutia kejeli ya kulifunika, sikuipata, basi nimeliacha hivyo hivyo lilivyo.

Nipigie kabla ya Jumapili. Kama ni hapana, itamke hiyo hapana, nami nitaimba, shujaa wako aondoke kwa heshima zake zote. Kama ni ndiyo, nitamwambia Doto huyu mtu habanduki. Nikipokea simu huenda nikanyamaza kidogo, maana nitakuwa naogopa. Hapo, tafadhali, usicheke.

Mtani wako wa Ipuli