Nilipaka Mafuta Sensa ya Mkwe Wangu

Leo Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno, na kibaridi hiki cha huku kwetu Mtinko kinachonifanya nivae sweta mbili. Moyo umetulia sasa. Asubuhi haukuwa hivi.

Mimi naongea, Zainabu binti yangu anaandika kwenye simu. Nimemwambia asininyooshee maneno. Kama nimesema vibaya, liende vibaya hivyohivyo.

Zainabu na mumewe Hamisi wamekuja kunisaidia kuvuna alizeti. Alizeti mwaka huu imebeba, vichwa vizito vimeinama mpaka unavionea huruma. Hilo nitalisema siku nyingine. Wamekuja na gari lao dogo jeupe, na lilipoingia uani lilikuwa linatoa moshi mweusi na kunuka petroli, kuku wangu wote wakahamia kwa jirani. Taa ya injini inawaka haizimiki. Tena linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka safari ya kiangazi.

Fundi mmoja wa huko mjini alishawaambia dawa yake ni kuyatoa masega, yale yanayochuja moshi ndani ya bomba. Hamisi akakataa. Huyu mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu, hakubali kitu mpaka akipime mwenyewe. Hata chumvi nadhani anaipima.

Basi akapima hapa hapa uani kwangu. Ana kidude anakichomeka chini ya usukani, simu yake inasoma gari linaumwa nini. Kumbe kwenye bomba la moshi kuna sensa mbili, zinanusa moshi na kuiambia injini ipunguze petroli au iongeze. Ile ya mbele mstari wake kwenye simu unatakiwa upande ushuke, upande ushuke, kama mkono wa mtu anayechekecha unga. Wake umelala tu. Hakuridhika. Akakagua nyaya isije ikawa panya amezitafuna, maana panya wa hapa nawajua mimi. Nzima. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba aone kama linapumua. Halipumui. Ndipo akasema, ni sensa yenyewe. Akaagiza mpya, ikaja na basi kutoka Dodoma. Tumeingoja siku sita.

Haya yote nimeyajua kwa kusikiliza dirishani jikoni. Siwezi kusogea.

Mnaosoma huko mbali mnielewe. Mimi nililelewa kwamba mkwe wa kiume hukai naye, humwangalii usoni, na akilala chini hupiti karibu. Miaka kumi na miwili tangu amuoe Zainabu, nikitaka kumwambia neno namwambia Zainabu, yeye anamfikishia. Sasa mkwe amelala chali uani kwangu, miguu nje, kichwa chini ya gari. Nikawa mfungwa jikoni kwangu mwenyewe.

Leo asubuhi Zainabu akaenda kwenye mashine ya kukamua mafuta. Hamisi akaiwasha injini ipate joto kidogo, akapuliza dawa ya kutu, akavuta spana, akagonga nyundo. Ikatoka ile mbovu, nyeusi tii kama chini ya sufuria yangu. Akaenda nyuma ya nyumba kunawa.

Nikatoka. Nilitaka kuona tu.

Ile mpya ilikuwa juu ya boksi lake, inang'aa, ina kichwa cha chuma chenye vitundu. Nikaishika. Kavu! Kavu kabisa! Nikasema huyu mtoto wa watu amesoma lakini hajui chuma. Kwangu hakuna chuma kinachofanya kazi kikavu. Cherehani, bawaba za mlango, boliti za plau, vyote nimevitunza kwa mafuta ya alizeti na unyoya wa kuku. Cherehani yangu ina umri kumzidi Zainabu na inaimba. Nikachovya unyoya, nikapaka vizuri, nikapenyeza na kwenye vile vitundu mpaka ikashiba. Nikarudi jikoni nimefurahi, mama mkwe nimesaidia.

Hamisi akarudi huku anaongea na Zainabu kwenye simu. Nikamsikia: "Kichwa chake hata kidole hakitakiwi kugusa. Yakiingia mafuta, hiyo si sensa tena."



Akaingia chini ya gari. Nikawaza nimngoje Zainabu. Lakini Zainabu kwenye mashine ni mpaka adhuhuri, foleni ya magunia. Halafu likaja wazo lingine, nalikiri hapa: nyamaza. Hakuna aliyekuona. Ataifunga, taa itarudi, atadhani alikosea kupima. Atalipeleka gari kwa yule fundi akiwa ameinamisha kichwa, na yule fundi atamcheka mwalimu mbele ya watu.

Nikanyamaza. Nilinyamaza kabisa, nikawa nachambua mchele usio na mawe.

Nikasikia spana inaanza kulia.

Nikajitanda kanga, nikatoka, nikasimama karibu na gari nimempa mgongo. Nikasema, "Baba, toka huko chini."

Kichwa chake kikagonga chuma, ngo! "Shikamoo mama!" Wakati asubuhi alishaniamkia kutoka mbali. Akatoka mbiombio, anapangusa vumbi. "Mama, kuna nyoka?"

"Nyoka ni mimi. Hicho kidude chako kipya nimekipaka mafuta."



"Mafuta gani, mama?"

"Ya alizeti. Lakini masafi, baba, ya juzi tu."

Nikamsikia anapumua, kama mtu anayecheka kwa kujizuia au mtu anayetaka kulia. Kisha akasema taratibu, "Ungenyamaza, mama, nisingejua maisha yangu yote. Ningejiona mimi ndiye mjinga."

"Ndiyo maana nimetoka," nikamwambia.

Hakuendelea kuifunga. Amesema hawezi kuiamini tena, ataagiza nyingine, itafika Jumanne. Ile mbovu akairudisha kwa muda ili tundu lisibaki wazi. Akaniomba, kwa adabu sana, kama naweza kumpa vyombo, maana kila mara anatambaa kutoka.

Nikaleta kigoda. Nikakaa nimempa mgongo, nikawa napitisha spana nyuma yangu bila kugeuka. Namba sizijui, sikusoma. Anasema "kubwa yake," "ndogo ya hiyo," nami nazipapasa kwa vidole. Sikukosea hata moja. Akaniuliza cherehani nilinunua lini, nikamhadithia. Tuliongea sana. Zainabu aliporudi na madumu yake alisimama pale langoni, mdomo wazi. Sasa hivi anaandika huku anacheka, nimemwona.

Mama yangu angekuwa hai angesema nimevunja heshima. Mimi naona kule kunyamaza jikoni ndiko kungeivunja.

Jumanne basi likileta nyingine, sitaigusa, hilo naapa. Ila sijajua bado, siku hiyo nitakaa dirishani kama zamani, au nitatoka na kigoda changu?