Leo Niliwapa Wageni Mgongo

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi na vumbi hadi kwenye meno, lakini upande wa mlima mawingu yameanza kujikusanya na kila mkulima wa huku ameshayaona. Nimeshinda nikipokea simu. Nimeshinda pia nikikosewa heshima ndani ya nyumba yangu, au nikiwakosea wengine heshima, inategemea utamuuliza nani.

Nina hasira. Watu wa Embu husema sisi Wameru huzaliwa nayo, basi na iwe hivyo. Naandika nikiwa nayo na sitafuta neno.

Kwa asiyenijua: mimi ni binti wa Meru niliyeolewa Embu, na tunakaa hapa mtaa wa Majimbo, mimi, mume wangu Nyaga na mtoto wetu Wanja. Kazi yangu ni kupokea simu za wakulima kwa niaba ya kampuni moja ya mbegu. Mtu anapiga kutoka Kiritiri kuuliza apande ndengu lini, mwingine anapiga kutoka kwetu kulalamika kwamba mahindi yamekataa kuota. Nawajibu kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, vile mtu anavyotaka. Tulikuwa na ofisi mjini, juu ya duka la viatu. Mwaka huu kampuni ikaifunga, ikasema kila mtu afanyie kazi kwake, na ikatoa sharti: mteja asisikie kelele za nyumbani kwako. Supavaiza husikiliza simu bila kukuambia. Ukionywa mara tatu, unaenda nyumbani, hata kama uko nyumbani tayari.

Mimi nilikuwa nimeshaonywa mara mbili.

Waliotunga hilo sharti hawajawahi kukodi nyumba ya vyumba viwili. Nilianza kufanyia kazi kitandani, kompyuta mapajani, na kufikia saa sita mgongo ulikuwa umekufa na sauti yangu ni ya mtu aliyelala. Nikahamia jikoni. Siku ya pili mfuniko wa sufuria ukaanguka, ukazunguka sakafuni ukilia kama kengele ya kanisa, na mzee niliyekuwa nikiongea naye akaniuliza kama nimeumia. Onyo la kwanza. Nikarudi chumbani, nikafungua ubao wa kupigia pasi karibu na dirisha, nikaufanya meza. Kumbe jogoo wa mwenye nyumba hupenda dirisha hilo kuliko mimi. Aliwika katikati ya simu, na mkulima akafurahi sana, akataka kujua kama nami nafuga za kienyeji. Onyo la pili.

Ikabaki sebule. Na sebule yetu, wacha niseme ukweli, haikuwa yetu. Ilikuwa ya wageni. Mama, yaani mamake Nyaga, alitununulia viti vya watu saba tulipooana, na sisi tuko watatu. Viti, stuli, kabati la vyombo tusivyovitumia, vitambaa juu ya kila kitu. Tulikuwa tunapita upandeupande kama kaa. Watu saba wasiokuwepo walikuwa wamekaa vizuri, na mimi ninayelipwa niko kwenye ubao wa pasi.

Nikamwambia Nyaga kochi refu litoke. Nyaga ni mwalimu wa shule ya msingi na maneno yake huyapima kama chaki za serikali. Aliliangalia kochi, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa. Mama akija, utamwambia wewe." Tukalipeleka kwa dada yake.

Meza ilitoka kwenye chama. Mama ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kule kwao Kibugu, na nilipoolewa aliniingiza humo kabla sijafungua sanduku langu la nguo. Desturi ya chama ni kwamba zamu yako ya kupokea mchango ikifika, unanunua kitu cha nyumba kinachoonekana, kisha wenzako wanakuja kukiona. Wengine wamenunua zulia, wengine seti ya vikombe, mmoja alinunua sufuria ambayo ingetosha kuoga. Zamu yangu ilipofika nilienda kwa fundi, akanitengenezea meza ya mbao ya mukima, ile miti iliyo mpakani mwa kila shamba la huku, na kiti chenye mgongo wa kuegemea. Ukutani nikapigilia trei za mayai kuzuia mwangwi, nikazifunika na leso. Mlangoni nikatundika blanketi zito.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu watu wa huku tunaweza kulifanya. Niliweka meza ikiangalia mlango. Mama yangu mzazi alinifundisha kwamba mwanamke hakai akaupa mlango mgongo. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza akione ni uso wako. Basi nikakaa hapo, uso mlangoni, kompyuta mbele yangu, blanketi nikiwa nimelikunja mchana ili mwanga uingie.

Siku iliyofuata mzee mmoja aliingia, akavua kofia, akaweka kitambulisho chake mezani na kuniambia nimtolee kopi, pande zote mbili. Sikuwa hata nimemjibu, msichana wa shule akasimama nyuma yake kwenye foleni. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Wanja amefungua saiba, duka la kompyuta na kopi. Nilicheka. Kesho yake walipokuja wengine wanne, sikucheka tena. Nikageuza meza ikaangalia ukuta, nikateremsha blanketi, na wiki mbili hizi nimefanya kazi kwa amani ambayo sijawahi kuiona tangu ofisi ifungwe.

Sasa leo.

Chama kilikuwa kije kuona kitu changu saa kumi na moja, baada ya kazi. Nilimpigia Mama mwenyewe kumwambia, na akasema amesikia. Walikuja saa nane. Gari walilokodi lilikuwa na safari nyingine jioni, kwa hivyo wakaona si neno, si Mama Wanja yuko tu nyumbani?

Yuko tu. Hayo maneno mawili yameniandama mwaka mzima.

Nilikuwa kwenye simu na mama mmoja wa Kiritiri. Msimu uliopita kunde zake zilikauka zikiwa na maua. Sasa ana mbegu kidogo za mwaka jana kwenye mtungi, ameona mawingu kama sisi sote, na hana za kupanda mara mbili. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kwa sababu mumewe ameshaamua wapande kesho na yeye hana uhakika. Ndipo blanketi likafunuliwa na wimbo ukaingia. Wanawake kumi na kitu, makofi na vigelegele, wimbo ule wa kuingilia nyumba yenye baraka.

Sikugeuka.

Niliinua mkono, kiganja kikawatazama, mgongo wangu ukiwa kwao. Wimbo ulikatika. Nikasikia viti vinalia, mtu anakalia stuli, mtu anauliza kwa mnong'ono, "Anaongea na nani?" na mwingine anajibu, "Na ukuta." Kicheko kikabanwa puani. Nilisubiri kusikia Mama akikaa, na hakukaa. Niseme ukweli, kila kitu nilichofundishwa tangu utotoni kilikuwa kinanivuta nigeuke, nisimame, nimpokee kiondo, niseme karibu Mama. Nampenda yule mwanamke. Wanja, ambaye tulimpa jina la Mama, alipozaliwa, Mama alishuka kutoka Kibugu akakaa nami, akanipikia uji wa wimbi kila siku hadi nikasimama. Sisemi hayo ili nionekane mwema. Nayasema kwa sababu iliniuma.

Lakini yule mama wa Kiritiri naye alikuwa mgeni wangu. Tofauti ni kwamba yeye hakuja kuangalia viti. Nikamweleza achukue punje chache, azifunge kwenye kitambaa chenye maji, azikague kila siku, zikiota nyingi apande, zikiota chache asipoteze shamba lake. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama anaweza kumwambia mumewe kwamba kampuni ndiyo imesema. Nikamwambia amwambie hivyohivyo, na mumewe akitaka, anipigie mwenyewe. Sikumharakisha. Nilimaliza kwa yale maneno ya kuagana tunayolazimishwa kusema, nikavua hedifoni, nikageuka.

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na kiondo mkononi. Nafasi ya kukaa ilikuwepo.

"Nimekuja nyumbani kwa mwanangu," akasema polepole, "nikapewa mgongo."

"Pole, Mama. Nilikuwa kazini. Karibuni sana."

Akaangalia pale kochi lilipokuwa. Akaangalia trei za mayai zikichungulia chini ya leso. Hakuuliza kochi liko wapi, na hilo lilikuwa baya kuliko kuuliza. Aliuliza kitu cha chama ni kipi. Nikamwonyesha meza na kiti. Akauliza mgeni atakaa upande gani wa meza iliyobandikwa ukutani. Nikamwambia mgeni hakai hapo, hiyo ni ya kazi. Kutoka nyuma mtu akasema, "Kazi gani na uko nyumbani?" na wengine wakaguna kukubali.

Hasira ikapanda. Nikaimeza nusu. Nikamuuliza, "Mama, ukiwa unachuma majani chai na mgeni apite barabarani, huwa unatupa kikapu?"

"Shamba ni shamba," akanijibu bila kufikiri. "Nyumba ni nyumba."

Hapo alinipata, kwa sekunde moja hivi. Kisha nikasimama, nikaenda pale zulia linapoishia, nikapitisha mguu sakafuni kutoka kabati hadi ukutani.

"Basi kuanzia hapa hadi ukutani ni shamba, Mama. Ndilo shamba langu. Wewe una chai, mimi nina hili. Unga tunaokula umetoka hapa, na karo ya chekechea ya Wanja imetoka hapa. Nikiwa upande huu nalima. Nikivuka, mimi ni mkazamwana wako, nitakupikia chai hadi useme basi."



Kitu cha chama huwa kinaombewa. Wanawake wanakizunguka, wanakiwekea mikono, mwenyekiti anaomba, halafu wanapiga vigelegele hadi majirani wajue kuna nyumba imeongezeka kitu. Hata ile sufuria ya kuogea iliombewa. Walikuwa wameshaanza kuinuka wakimsubiri Mama, naye akahamisha kiondo kutoka mkono huu hadi ule.

"Hatuombei kona," akasema. "Rudisha kochi, utuite tena."

Nikavuka mstari wangu, nikapika chai. Walikunywa, ilikuwa tamu, wakasema asante. Mama alikunywa akiwa amekaa pembeni kabisa mwa kiti, kama mtu anayesubiri zamu hospitalini. Nilimsindikiza hadi kwenye gari na kumbebea kiondo. Nikamwambia, "Karibu tena, Mama, siku yoyote. Kuanzia saa kumi na moja." Akageukia mlango wa gari. Ila kiondo aliniachia nikibebe.

Chama kitanijadili Jumapili baada ya kanisa. Wakinitoa, wanitoe. Kochi halirudi.

Supavaiza aliniandikia baadaye. Aliuliza: "Nilisikia wimbo ukianza. Halafu?" Nikamjibu: "Halafu ukaisha." Mpaka sasa onyo la tatu halijaja, na lingekuwa la kuja lingekuwa limeshafika, kwa sababu yule mtu hacheleweshi ubaya.

Nyaga alirudi na Wanja begani, akaona vikombe vimejaa kwenye karai. "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Akauliza Mama amesemaje. Nilipomwambia kwamba haombei kona, alicheka hadi akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akaniangalia usoni na kuuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Sikuwa sawa.

Walipotoka nje kumwagilia sukuma wiki, nilibaki na meza yangu. Nzuri. Imenyooka, haitikisiki, bado inanuka mbao mbichi. Imefanya kazi wiki mbili na hakuna aliyeiambia hata asante. Nikaona upuuzi. Mikono nami ninayo, na Mungu wa chama ndiye Mungu wangu.

Nikaweka viganja vyote viwili juu yake nikaomba kwa Kimeru, kwa sauti. Niliombea mbao, kiti, waya wa stima, trei za mayai. Nikamwombea yule mama wa Kiritiri na kitambaa chake. Nikamwombea Mama pia, kwa meno yaliyobana kidogo. Nikasema amina.

Halafu nikapiga vigelegele, peke yangu, kwa nguvu zote za kifua changu, katikati ya sebule isiyo na kochi.

Na kutoka ng'ambo ya ukuta, jirani yangu akanijibu. Hakujua ni vya nini. Kwetu kigelegele hakiachwi peke yake, basi aliacha alichokuwa akifanya akapiga vyake, virefu kuliko vyangu, na wa nyumba ya tatu akapokea.

Kesho lazima wataniuliza ni nini kimezaliwa huku. Nitawaambia ni ofisi. Lakini waulize baada ya saa kumi na moja.