Kuni za Uchagani

Mingoyo, 8 Februari 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mtoto Ridhiwani hajambo? Na mgongo wako umepoa? Mimi mzima, ila chakula cha bweni ni maharage yaleyale na wadudu wake walewale.

Nimekuwa wa kwanza kwenye maonyesho ya sayansi! Nilionyesha vitambaa viwili vyeupe nilivyotundika juu ya moto jikoni kwako Desemba. Cha kuni mbichi kimekuwa cheusi kama sufuria; cha kuni kavu kimepata umanjano tu. Moto wa kuni mbichi unahangaika kwanza kukausha maji yaliyomo, hauwaki sawasawa, ndipo moshi unazidi na kuingia kifuani. Nilieleza yote kwa Kiingereza, mimi ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni naona haya. Wakapiga makofi.

Mwanao,
Nasma

Tingi, 27 Februari 2025

Mwanangu Nasma,

Marahaba. Hongera! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, nikapaliwa na moshi. Mvua haikatiki, kuni ni mbichi tupu, maana zile kavu nilizopanga uchagani juu ya meko kabla ya kwenda kujifungua ndizo zilizoibwa. Ridhiwani alibanwa na kifua, tukalazwa hospitali, tumesharudi. Sasa ananyonya, ila bado anakoroma.

Uliposema labda Mama Kudra alizichukua alipokuwa anakuja kuwapikia nilipokuwa sipo, nilinyamaza, ni jirani. Lakini mtoto alipozidiwa nilishindwa. Nikamwambia kisimani, watu wote wanasikia, "Kuni zangu umepikia kwako, mwanangu anakufa kwa moshi." Akajibu, "Haya, mwizi mimi," akajitwika ndoo yake. Hatusemeshani tena.

Mama yako mdogo

Mingoyo, 3 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Ridhiwani anaendeleaje? Naogopa hata kuuliza.

Mama Kudra hakuchukua hata kijiti. Kuni nilizimaliza mimi, kwa vile vitambaa. Mara ya kwanza upepo ulipeperusha moshi, nikarudia. Kitambaa kikaungua, nikarudia tena. Uchaga ulipobaki mtupu nikasema nitakata nyingine, nikaona uvivu. Ulipoingia na mtoto mikononi ukauliza, jina la Mama Kudra likanitoka mdomoni, kwa sababu tu yeye hakuwepo pale.

Mwalimu ametundika vitambaa vyangu ukutani darasani. Nimehama dawati nivipe kisogo. Kumbe nilichokieleza kwa Kiingereza ndicho nilichomfanyia mtoto wako.

Usinisamehe kama huwezi, ila mwambie yeye.

Nasma (sithubutu kuandika mwanao)

Tingi, 14 Aprili 2025

Nasma,

Marahaba. Ridhiwani amepona, alhamdulillahi.

Nimechelewa kujibu kwa hasira, halafu hasira ikawa aibu. Wewe ulisema uongo jikoni. Mimi ndiye niliyeupeleka kisimani.

Nilimpelekea Mama Kudra barua yako. Akaisoma yote amesimama mlangoni, akanirudishia. "Hodari wa kuandika, huyu." Basi. Idi ikapita bila sahani kutoka kwake.

Leo asubuhi nimekwenda kumwomba moto, na wangu nimeuacha unawaka. Akatazama moshi wangu juu ya paa, akanitazama mimi. Akanipa kaa moja kwenye kifuu, akafunga mlango.

Mkifunga shule, anzia kwake. Kwangu utakuja baadaye.

Mama yako mdogo