Kamanda Hakumng'ata

Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri. Joto la leo halisemeki, hata pepo za baharini zimeusahau mtaa wetu wa Mbaraki. Nimekaa barazani nimechemka kuliko hewa.

Twahir alikuja adhuhuri.

Asomaye hapa kwa mara ya kwanza ajue: Twahir ni mtalaka wangu. Aliniacha mwaka jana akaenda kuoa kwengine. Nyumba ilibaki kwangu kwa kuwa ni ya marehemu baba yangu, na mbwa wake akabaki kwa kuwa hakumtaka. Mbwa anaitwa Kamanda. Twahir alimlea awe mkali wa kulinda ua, akamfunga mnyororo mfupi tangu mdogo na kumtilia pilipili chakulani, ati zitamwongezea ukali. Hakumgusa ila kwa bakora. Kwa mkono hakuthubutu, ati asijitie najisi.

Siku alipoondoka aliniambia kuwa mimi na mbwa yule twafaana, hakuna mwengine atakayetuvumilia. Maneno hayo nayanywa na chai kila asubuhi.

Nilipompeleka Kamanda kwa daktari wa mifugo ahasiwe, sikusukumwa na huruma. Twahir alikuwa akijivunia udume wa mbwa yule kana kwamba ni wake. Kwa kuwa mwenyewe hapelekeki, nilimpeleka mbwa.

Alipopona aliacha kuruka ukuta kufuata majike ya mtaani. Akaacha kukojolea kila nguzo na kurudi na masikio yaliyochanika. Lakini mwanamume yeyote aliyeingia na fimbo, hata mzee na mkongojo wake, alimrukia. Nilirudi kwa daktari kulalamika.

"Mama, mimi nimetoa kile kilichokuwa kikimzururisha," akaniambia. "Hofu haikai pale nilipokata. Ilitiwa nyumbani, na nyumbani ndiko itakakotolewa."

Basi nikautupa mnyororo. Nikaweka kopo la mchanga kando ya mfereji, nikawa namlisha kwa mkono, ananiramba, kisha naosha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani. Mama yangu, aliyeko Ndia Kuu, asema ngozi itanitoka. Haijanitoka, na Kamanda amekuwa mbwa mwengine. Hulala mlangoni, na muuza maziwa humruka akapita zake.

Nisijifanye mwema lakini. Miezi yote hii nimelala na ndoto moja: Twahir afungue geti lile, na Kamanda amtie meno. Hata paja nilishalichagua.

Leo akaja, yuko njiani kwenda swala ya Ijumaa. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, anukia udi. Nilimjibu salamu kwa kuwa ni wajibu.

"Ghala langu laibiwa," akasema. "Baada ya swala nitakuja na gari kumtukua mbwa wangu. Mtayarishe."

Mbwa wake! Kisha akapiga mluzi, kunionyesha ni nani mwenyewe.

Kamanda akainuka. Moyo ulinidunda kwa furaha, naapa.

Hakumng'ata.

Alikwenda akijikokota kwa tumbo, masikio yamelala, mkia ameubana. Alipomfikia akaanza kumramba: vidole vya miguu, pindo la kanzu, kanzu yenyewe mpaka magotini. Twahir akaruka nyuma akipiga ukelele.

"Toba! Mtoe! Swala ndiyo hii yaingia! Mbwa wangu umemfanya mwanamke!"

"Kopo la mchanga liko pale mferejini," nikamwambia. "Mara saba, bwana."

Adhana ikaanza. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Akatoka kashika pindo kwa ncha za vidole, akipayuka kuwa mbwa wa namna ile hamfai kitu, nikae naye mpaka tufe. Nilicheka mpaka alipopinda kona.

Nilipogeuka, Kamanda alikuwa bado chini palepale, anatetemeka. Chini yake mkojo umetapakaa.

Hakuwa akimramba kwa kumpenda. Alikuwa akimwomba asimpige.

Kicheko kilinikauka. Nakujua kuramba kule. Miaka yote ya ndoa yetu mimi nami niliramba, kwa "samahani" na "sawa bwana" na chakula kuwa mezani kabla hajafungua mlango. Nilimtumaini mbwa anifanyie nililoshindwa kulifanya mwenyewe, na yeye alitoka kwenye mkono uleule niliotoka mimi.

Nilikaa naye sakafuni, mkono mgongoni mwake, mpaka akasinzia.

Sijamsamehe Twahir. Leo nimemwongezea shtaka. Lakini Kamanda nimemtoa katika kesi hii, hana tena kazi ya kunilipizia. Yule bwana akija tena, meno atakayoyakuta getini ni yangu.