Milimita Kumi na Tano

Jumatatu, 5 Novemba 2018
Panga la tano bado linanisumbua. Gurudumu la pampu lina mapanga tisa kama ya feni, yote yamepinda, yamebanana. Ukilaza sana kisu cha mashine kinachoyachonga, kishikio chake kinagusa panga la jirani. Ukikisimamisha, ncha haifiki shinani. Nimebadilisha pembe mara sita tangu asubuhi. Saa kumi pembe ikakubali. Nimeichezesha programu yote kwenye skrini, meza inazunguka na kulala, kisu kinashuka, mihimili yote mitano inatembea pamoja. Hakuna kinachogusana. Nafasi iliyobaki ni milimita mbili.

Kwenye karatasi ya mashine nimeandika kwa wino mwekundu: KISU KITOKEZE MILIMITA 70. Papa Bahati, anayeendesha mashine, amesoma na kutia sahihi.

Waingereza na fataki zao mtaani tangu magharibi. Mama amefunga madirisha, anawalaani.

Jumanne, 6 Novemba
Imegonga.

Saa nne na robo. Niliisikia nikiwa ofisini juu. Kama mlango wa chuma uliobamizwa, halafu kimya. Nikashuka ngazi mbio. Panga la tano limevunjika, kishikio kimechubuka ubavu mzima. Papa Bahati amesimama, mikono nyuma. Gary, msimamizi wetu, alishafika. Sijavuta hata pumzi, akamwambia Linda, mwenye kiwanda: programu ya Sahra hiyo.

Linda hakuniuliza neno.

Nikapima kisu. Kimetokeza hamsini na tano. Nikasema mtu amekiingiza ndani. Gary akasema kimesukumwa na kishindo chenyewe. Nikamtazama Papa Bahati. Yeye akatazama viatu vyake.

Jumatano, 7 Novemba
Nimeondolewa kwenye kompyuta. Nimepewa tupa, nisugue kingo. Miaka sita napanga njia za visu hapa Saltley, leo tupa.

Najua kilichotokea. Kisu kirefu hutetemeka, lazima kiende polepole. Ukikifupisha, kinavumilia kasi. Lakini kishikio nacho kinashuka zaidi katikati ya mapanga, na hapo hakuna nafasi. Papa Bahati hawezi kufanya hivyo kwa akili yake mwenyewe. Mtu huyu hufuata karatasi kama Biblia. Aliambiwa. Gary anapenda haraka.

Gary namchukia, basi. Amepita mbele yangu mara tatu akipiga mluzi. Lakini wa kuniumiza ni Papa Bahati. Tuko wawili tu wa Kiswahili humu ndani, ingawa chake ni cha kwao. Ramadhani tatu amekula sambusa za mama yangu. Na amenyamaza.

Alhamisi, 8 Novemba
Tupa. Vidole vimechubuka. Sikuitikia salamu ya Papa Bahati.

Jumamosi, 10 Novemba
Nimemkuta dukani Alum Rock Road, anachagua mihogo. Sikusalimia.

"Papa Bahati, nani alikuambia uingize kile kisu?"

Akarudisha muhogo kwenye rundo. "Dada Sahra, minaomba unisamehe. Niko na batoto bane. Kazi ikipotea, batakula nini?"

"Na kazi yangu mimi?"

"Wewe uko na diplôme. Utapata ingine. Mimi banangoja tu nikosee."

Nikamwita mwoga. Kwa sauti, mbele ya watu. Mtu wa umri wa baba yangu. Muuzaji akageuka kutazama. Papa Bahati akachukua mfuko wake mtupu akaondoka.

Nilipofika nyumbani nikajuta. Kisha nikakasirika upya, kwa kuwa amenifanya nijute wakati mkosaji si mimi.

Jumatatu, 12 Novemba
Hasira imenifanya mjinga. Mashine inakumbuka! Kabla ya kazi kuanza hupima kila kisu, huandika urefu wake, saa, na jina la aliyeifungua kwa nenosiri lake. Wiki nzima sikuliwaza hilo.

Wakati wa chakula Gary alitoka kuvuta sigara. Nikachapisha rekodi. Saa tatu na dakika hamsini, kabla ya kishindo: kisu kifupi tayari, kwa milimita kumi na tano. Programu yangu haina kosa.

Jina lililoandikwa ni la Papa Bahati. La Gary halimo popote.

Kwa hiyo karatasi hii inaniokoa mimi na kumzika yeye. Gary atasema hajui lolote. Nimekaa chooni robo saa nikiwa nimeishika. Nilitaka kupiga ukuta.

Jumanne, 13 Novemba
Nimempa Papa Bahati nakala. Nikamwambia Alhamisi asubuhi napeleka yangu kwa Linda. "Sema wewe kwanza. Na useme nani alikutuma."

Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

Jumatano, 14 Novemba
Hajaenda kwa Linda. Tupa.

Alhamisi, 15 Novemba
Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Linda. Papa Bahati alikuwa ndani tayari, amevaa suti yake ya kanisani. Kiingereza chake hakimtoshi akiwa na wasiwasi, kwa hiyo alikuwa ameyaandika yote, akasoma. Kwamba ni yeye aliyeingiza kisu. Kwamba Gary ndiye aliyemwagiza, na kwamba Gary mwenyewe aliongeza kasi kwa mkono wake. Kwamba programu ilikuwa nzuri.

Gary aliitwa. Akacheka. Akasema ni lugha tu, huyu hakuelewa.

Papa Bahati akaiweka karatasi mezani. Akasema bila kusoma: "Ulisema, isukume ndani, hatuna siku nzima."

"Hata kama nilisema," Gary akajibu, "aliyekishika ni yeye."

Akajimaliza mwenyewe. Nadhani alijua, maana uso ulimwiva.

Hukumu ya Linda: Papa Bahati, onyo la maandishi. Gary, "tutazungumza." Mimi nirudi juu, gurudumu jipya lianze kesho. Nikauliza, na mimi niliyesugua vyuma wiki nzima? Akasema tuangalie mbele.

Mbele! Nikamwambia sianzi. Gary naye aandikiwe onyo lile lile, na watu wote waambiwe programu haikuwa na kosa. La sivyo mtafute mwingine wa kupanga hayo mapanga. Akaniambia niende nyumbani nitulie.

Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua. Sijatulia.

Ijumaa, 16 Novemba
Linda amepiga simu saa tano. Gary ameandikiwa onyo. Watu wamekusanywa, wameambiwa. "Nilipaswa kukuuliza kwanza," akasema. Samahani kamili haikutoka. Nimeichukua hiyo hiyo.

Mama anauliza nimeshinda au nimeshindwa.

Jumatatu, 19 Novemba
Kabla ya kitu chochote, nimeongeza mstari juu ya programu. Mashine ikikuta kisu kifupi kuliko nilivyoandika, inakataa kuanza. Gary amesimama nyuma yangu akiusoma. Nikamwacha asome. Kisha nikaufungia kwa nenosiri langu.

Jumanne, 20 Novemba
Gurudumu limekamilika saa nane na nusu. Mapanga tisa. Nilipitisha kidole kwenye panga la tano, kutoka ukingoni hadi shinani. Laini kabisa.

"Iko muzuri," Papa Bahati akasema.

Bado nina hasira naye, ingawa si ile ya juzi.

Wakati wa chakula alikuja na kopo lake la chakula, akasimama mbali kidogo, hajui akae wapi. Mkoba wangu ulikuwa kwenye benchi kando yangu. Nikauweka sakafuni. Akaketi. Tukala.