Tuta la Mahameni

Sumbawanga Mjini
28 Oktoba 2024

Kaka Polikarp,

Shikamoo. Natumai wifi na watoto hawajambo na baridi ya milima ya Mbizi haijawashinda. Huku siwezi kusema hatujambo. Kidonda cha mama kimekuwa cheusi. Daktari anataka mguu ukatwe wiki hii, la sivyo sumu itapanda mwilini. Mama amekataa. Anasema hakatwi mpaka asimame mbele ya kaburi la bibi kwa miguu yake yote miwili, hataki kumwendea mama yake akiwa nusu. Nimelia, nimemwita padri, nimemgombeza. Unamjua mwenyewe.

Basi tunakuja. Barabara ikiisha tutambeba kwa machela. Wewe panda hadi kwenye mahame ya kina bibi, pale walipohamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, ulitafute kaburi na kulifyeka. Simu huko haishiki, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wa Jastin wa bodaboda, anayefuata maharage. Nakuomba ufanye haraka.

Mdogo wako,
Redempta


Mlimani
31 Oktoba

Mdogo wangu Redempta,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, anamwombea mama.

Nimefika mahameni. Ule msalaba wa mti aliokuwa akitusimulia uliungua na moto wa nyika. Kilichobaki ni vilima vya duara kila upande. Vingine makaburi, vingine matuta ya ntumba, yale ya kufukia majani, ambayo wenyewe walihamishwa kabla hawajayatawanya wapande ulezi. Vyote vimeota nyasi sawasawa, sivitofautishi. Wazee niliowauliza kila mmoja ananionyesha chake. Na mawingu yameanza kujikusanya. Mvua ikinyesha gari halipandi. Subirini kidogo nitafute.

Kaka yako,
Polikarp


Sumbawanga Mjini
2 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Leo sitauliza hali ya kila mtu, nisamehe. Harufu ya mguu imejaa nyumba nzima, majirani wanamsalimia mama wakiwa mlangoni. Anaweweseka kwa Kifipa, anamwita bibi.

Nitasubiri nini? Chagua kilima chochote, kifyeke, kiwekee msalaba. Atajuaje? Aliondoka huko akiwa msichana. Jumanne tunapanda. Dhambi ni yangu, nitaungama mwenyewe.

Mdogo wako,
Redempta


Mlimani
9 Novemba

Mdogo wangu,

Mama anaendeleaje? Tangu mteremke Jumanne sijapata neno, na Jastin naye mvua imemzuia. Nakueleza usiyoyaona, maana ulibaki kwenye tope na dereva, na tuliporudi hapakuwa na nafasi ya maneno.

Tulipomshusha mama kwenye machela, nilimsimamisha nikiwa nimemshika kwapani. Akasimama kwa miguu yote miwili, anatetemeka. Akautazama msalaba wangu, kisha akainama akachimba kwa vidole, akatoa udongo mweusi, akaunusa.

“Polikarp, hii ni ntumba.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha. Alikuwa analitazama jiwe moja lililopasuka kando ya shamba, kama analikumbuka.

“Hapa palikuwa petu. Tuta hili alilipiga mama. Halikutawanywa.”

Akaomba jembe. Nilikataa, akaanza kwa mikono, ikabidi nimpe. Alikaa chini akalitawanya lote, kidogo kidogo, mvua inaanza, nami namsihi twende. Lilipoisha akasema, “Sasa wakate.”

Redempta, ningembeba kwa nguvu. Kwa nini sikumbeba? Niandikie kama wamekata.

Kaka yako,
Polikarp


Sumbawanga Mjini
12 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Gari lilikwama tena, tukalala njiani. Walimkata tulipofika, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Mama ametutoka jana asubuhi. Udongo wa tuta lile ulikuwa bado kwenye kucha zake, nikamwomba nesi asiuoshe.

Usijilaumu peke yako. Ni mimi niliyempandisha, na sijui nitaishije na hilo.

Tunamleta Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Chimba pale pale alipotawanya, na msalaba safari hii uwe wa chuma. Mguu wake niliuomba hospitali, wakanipa, nakuja nao. Chimba kaburi la kumtosha mzima.

Mdogo wako,
Redempta